Gettysburg kwa gari: sauti ya simu au mwongozaji?

Swali hili halikauki: uwanja wa Gettysburg huko Pennsylvania, palipopiganwa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, uuzunguke na programu ya sauti, au na mwongozaji mwenye leseni?

Kwa gharama, programu inashinda. Unalipa mara moja, na gari zima linasikiliza. Tena unasimama utakapo. Little Round Top, kilima ambacho kikosi cha 20 cha jimbo la Maine kilisaidia kukilinda tarehe 2 Julai 1863, panataka ushuke, utembee, ukae kimya kidogo. Hakuna wa kukuharakisha. Ila ipakue kabla ya safari, usije ukaaibishwa na mtandao, na ubebe chaja.

Mwongozaji ni ghali zaidi, lakini anajibu. Leseni zao zilianza kutolewa mwaka 1915, na mtihani wake ni mgumu. Huingia garini mwako, mara nyingi akashika usukani mwenyewe. Mtajie kikosi alichopigania babu wa babu yako, naye aweza kukufikisha kiliposimama. Sauti iliyorekodiwa haiwezi hilo, na kwangu hilo ni kubwa mno.

Una watoto wadogo na siku nzima? Programu. Una saa mbili na maswali tele? Mwongozaji, na umwagize mapema.