Kliniki ya Tiba ya Kichina Kariakoo: Kinachowapeleka Watu na Kinachostahili Fedha Zao

Anayetaka kujua kwa nini wakazi wa Dar es Salaam hupanda ngazi hadi ghorofa ya pili ya jengo la kawaida huko Kariakoo ili wachomwe sindano kavu zisizo na dawa (akupancha) na tabibu asiyejua Kiswahili, asianze na yin na yang, falsafa ya Kichina ya nguvu mbili zinazokamilishana. Kwenye benchi la kungojea sikumsikia mgonjwa hata mmoja akiitaja. Mazungumzo yalikuwa ya kiuno, magoti, ganzi ya miguu, kipandauso na, kwa sauti ya chini, uzazi. Na wengi wa waliozungumza walikwisha kupita hospitali kabla ya kufika hapo. Mimi mwenyewe nilipelekwa na maumivu ya kiuno ya muda mrefu ambayo picha ya eksirei haikuyaonyesha chanzo chake, na ambayo dawa za kutuliza maumivu ziliyapunguza kwa saa chache tu.

Kwa wazee wetu, daktari wa Kichina si mgeni. Timu ya kwanza ya madaktari kutoka China ilifika Zanzibar mwaka 1964, na ile ya Tanzania Bara ikafuata mwaka 1968. Wengi wao walikuwa madaktari wa kawaida wa kupasua, kuzalisha na kutibu macho katika hospitali za serikali. Mwaka 1987 ukaanza pale Muhimbili ushirikiano wa kujaribu mitishamba ya Kichina kwa wagonjwa wa UKIMWI, wakati ambapo hapakuwa na dawa nyingine ya kuwapa. Kwa hiyo kliniki binafsi zilipoanza kufunguliwa mijini katika miaka ya 1990 zilikuta heshima iliyokwisha kujengwa na watu wengine, na sina shaka kwamba baadhi yake zimeitumia heshima hiyo kuliko zinavyoistahili.

Tabibu aliyenipokea, mama wa makamo, alinisikiliza kwa karibu nusu saa. Alishika mapigo ya damu kwa vidole vitatu, mkono huu kisha ule, akautazama ulimi, akauliza habari za usingizi, choo, jasho na kazi ninayoifanya nikiwa nimeketi. Mkalimani, kijana Mtanzania aliyewaita wagonjwa wote baba na mama, alitafsiri kwa subira, ingawa majibu yangu marefu yaligeuka mafupi mno yalipofika upande wa pili. Sidhani kwamba mapigo ya damu yalimweleza yote aliyodai kuyajua. Lakini mtu aliyetoka kwenye foleni ya hospitali ambako daktari huandika cheti akiwa hajamtazama usoni, akikutana na mikono inayomgusa pale panapouma, huhesabu kwamba ameanza kutibiwa.

Ipo pia sababu ambayo watu hawaisemi waziwazi. Kwa baadhi ya waganga wetu, ugonjwa hauondoki bila kutajwa jirani au wifi aliyeuleta, na mgonjwa hurudi nyumbani na ugomvi pamoja na dawa. Tabibu wa Kichina hamjui shangazi yako, wala hatakutana naye msibani. Anasema damu haitembei vizuri, basi, na hakuna anayeshutumiwa. Kwa wenye matatizo ya uzazi au ya nguvu za kiume, ugeni huo wa tabibu una thamani kubwa kuliko shahada iliyotundikwa ukutani.

Tiba yenyewe ilikuwa safi. Sindano, nyembamba mno kulinganisha na zile za hospitali, zilitolewa mbele ya macho yangu katika pakiti zilizofungwa na kutupwa kwenye kisanduku maalumu baada ya kutumika. Zilikaa mwilini kwa takriban nusu saa. Uchungu ni mdogo, ila pana uzito fulani wa ajabu unaosambaa kwenye msuli. Baadaye vilifuata vikombe vya kioo vilivyopashwa moto na kubandikwa mgongoni, jambo ambalo msomaji wa pwani anayejua kuumika au hijama halitamshangaza, tofauti ikiwa kwamba hapa ngozi haikuchanjwa. Alama za mviringo zilibaki kwa siku kadhaa. Bei ya kila kipindi ilikuwa shilingi 40,000, bima haipokelewi, na stakabadhi hutolewa kwa anayeiomba tu, jambo lisilopendeza.

Kiuno kilipata nafuu ambayo haikuwa kamili lakini iliniwezesha kulala. Kwamba ni kazi ya sindano, ya mapumziko au ya wakati, siwezi kuapa. Hata wataalamu hawajaafikiana: nchini Uingereza, taasisi ya NICE, ambayo hutoa miongozo ya tiba, iliiondoa sindano katika mwongozo wa maumivu ya kiuno mwaka 2016, kisha mwaka 2021 ikaikubali kwa maumivu sugu yasiyoelezeka kwa ugonjwa mwingine.

Dirisha la dawa ndilo lililoniharibia sifa ya mahali hapa. Nilipewa vidonge katika pakiti iliyoandikwa Kichina kitupu, na nilipouliza kilichomo nikajibiwa kwamba ni mitishamba. Jibu hilo halitoshi. Mimea yenye asidi ya aristolokiki, iliyowahi kutumiwa katika tiba hiyo, huua figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. Na mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekamata mara nyingi vidonge vya "mitishamba" vya nguvu za kiume vilivyochanganywa kwa siri na sildenafil, kiambato cha Viagra, ambayo ni hatari kwa mwenye kutumia dawa fulani za moyo. Watetezi hutaja dawa mseto ya malaria, na ni kweli kwamba Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alianzia kwenye maandiko ya kale ya Kichina. Lakini artemisinini, kiini cha dawa mseto hiyo, ilitenganishwa maabara, ikapimwa na kuwekewa kipimo maalumu kabla ya kumfikia mgonjwa, na hayo yote hayakuwamo katika pakiti yangu. Niliirudisha.

Kwa mwenye maumivu ya misuli, shingo au kiuno ambaye daktari amekwisha kumpima, ninaipendekeza huduma ya sindano na vikombe katika kliniki hii. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda na mama mjamzito wazungumze kwanza na daktari wao, na anayepungua uzito bila sababu au kupoteza nguvu za miguu aende hospitali moja kwa moja. Kabla ya kulipa, omba kuona usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mimi niliuomba, nao ulikuwapo. Wanawake wanaotaka kuhudumiwa na mwanamke waseme mapema mapokezini, na inafaa kwenda asubuhi, kwa sababu mkalimani ni mmoja tu na mchana huwagawia wagonjwa dakika zake.