Tulivyotoa Corolla yetu kwa Vehicles for Change, Maryland, na kodi ilivyokwenda

Nawaandikia wenzangu mlioko Maryland, Virginia na D.C. ambao mna gari kuukuu limelala uani na mnasikia kila siku matangazo ya redioni: toa gari lako, upunguziwe kodi. Sisi tumetoa magari mawili kwa njia mbili tofauti, na tofauti yake ni kubwa.

Corolla ya 2010 ilikuwa bado inaenda. Maili zilikuwa zimepita 140,000, rangi ya boneti imebabuka, kiyoyozi kinapuliza upepo wa moto, lakini injini ilikuwa safi na mume wangu hakuwahi kukosa kubadilisha oili. Dalali mmoja alitaka kutupa dola 1,500. Ndugu wa Mombasa walishauri tuisafirishe, lakini hilo haliwezekani: usukani wake uko kushoto, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tukaamua kuipeleka Vehicles for Change, shirika lililoanza mwaka 1999 ambalo makao yake yako Halethorpe, karibu na Baltimore.

Kilichonivutia ni kazi yenyewe. Magari yanayofaa hutengenezwa, kisha hupewa familia za kipato kidogo zinazoletwa na mashirika ya huduma za jamii, kwa bei ya chini mno kuliko ya sokoni. Mzazi analipa mkopo mdogo na anapata gari la kumfikisha kazini. Na kwenye gereji yao wanafunzwa ufundi watu waliotoka gerezani, ambao huku kupata kazi ni shida kweli. Mimi nafanya kazi ya uuguzi zamu ya usiku. Ninawajua wenzangu wanaosubiri basi saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi ya Januari, halafu wabadilishe basi jingine, ndipo wamfikishe mtoto kwa mlezi. Kwa mtu kama huyo, Corolla yenye boneti iliyobabuka ni maisha mengine kabisa.

Utoaji wenyewe ulikuwa mwepesi. Unajaza maelezo, unapanga siku, lori la kuvuta magari linakuja bila malipo. Dereva aliyekuja kwetu aliomba hati ya umiliki na funguo, akalinganisha namba ya chesisi kwenye dashibodi na ile ya kwenye hati tarakimu kwa tarakimu, ndipo akafunga minyororo. Sio kila gari huenda kwa familia. Mafundi hulikagua kwanza, na lisilofaa huuzwa ili pesa zisaidie mradi. Yetu ilifaa.

Sasa kodi, maana hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika.

Zamani mtu aliweza kutoa mkweche na kukata kwenye kipato chake cha kodi bei iliyoandikwa kwenye vitabu vya bei za magari. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2004 kulizuia hilo, na tangu 2005 ikiwa unadai zaidi ya dola 500, unakata kiasi kile shirika lilichopata kwa kuliuza gari, basi. Ikiuzwa mnadani dola 650, unaandika 650, hata kama wewe uliamini ina thamani ya 3,000. Unaruhusiwa kukata thamani halisi ya sokoni pale tu shirika linapolitumia gari kwa shughuli zake, au linapolitengeneza kwa kiasi kikubwa, au linapompa mhitaji kwa bei ya chini sana ama bure. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla hujasaini chochote ni hili: gari langu mtalifanyia nini?

Ushahidi wake uko kwenye fomu inayoitwa 1098-C. Kisanduku 4c kinaonyesha bei iliyouziwa. Kwenye yetu hicho kilikuwa kitupu, na kilichotiwa alama ni 5b, kinachosema gari linakwenda kwa mhitaji chini ya bei ya soko. Ile alama ndogo ndiyo iliyoturuhusu kuandika dola 4,300, bei ya mtu kumuuzia mtu kwa hali ya gari ilivyokuwa, ambayo tulichapisha kutoka Kelley Blue Book, mwongozo wa bei za magari, tukaihifadhi. Mhasibu akaambatisha fomu hiyo pamoja na fomu 8283, ya michango isiyo ya pesa taslimu. Ingezidi dola 5,000, tungehitaji pia mthamini wa kulipia.

Lakini elewa, dola 4,300 hazirudi mfukoni. Zinaondolewa kwenye kipato kinachotozwa kodi. Sisi tuko kwenye kiwango cha asilimia 22, kwa hiyo tuliokoa dola 946. Na hilo liliwezekana kwa kuwa tunaorodhesha makato yetu kwenye Schedule A: riba ya nyumba, kodi za jimbo na za nyumba, fungu la kumi kanisani. Ukichukua punguzo la kawaida, yaani kiasi kimoja kisichohitaji kuorodhesha makato, ambalo kwa mwaka wa kodi 2025 ni dola 15,750 kwa asiye na ndoa na 31,500 kwa wanandoa wanaojaza pamoja, gari halikupunguzii hata senti. Wengi wetu tuko hapo, hasa tunaoishi nyumba za kupanga. Kama hali yako ni hiyo, toa kwa sababu unataka kutoa, na kama pesa inahitajika nyumbani, liuze. Hakuna aibu.

Gari letu la kwanza, Sienna iliyoungua giaboksi, lilipitia kampuni ya kibiashara inayokusanya magari kwa niaba ya mashirika. Jina naliacha. Liliuzwa mnadani dola 650, kampuni ikakata ya kwake kwanza, na shirika nililokusudia kulisaidia likapata kilichobaki. Fomu ya 1098-C inatakiwa kufika ndani ya siku 30 baada ya mauzo. Mimi niliipata baada ya kupiga simu mpaka wakanijua kwa sauti. Hilo liliniuma zaidi ya pesa, maana nilitoa kwa moyo mmoja na nikafanywa kama ninayeomba.

Shirika lolote mnalolifikiria, tafuteni kwanza jina lake kwenye tovuti ya IRS, idara ya kodi ya Marekani, kuna sehemu ya kukagua mashirika yanayotambuliwa. Lisipokuwepo, msitoe hati. Na kwa walio Maryland: ng'oeni vibao vya namba kabla lori halijaondoka, virudisheni MVA, ofisi ya jimbo inayosajili magari, mchukue risiti, ndipo mfute bima. Ukitanguliza kufuta bima, faini inakuja kwa jina lako ingawa gari halipo tena uani.