Chupa zangu tano za bourbon na usajili wa Bengals: uzoefu wangu msimu wa 2025

Wakuu habari. Kuna watu walitaka kujua chupa gani ya bourbon, ile wiski ya Marekani, inafaa kununua kwa hela ya kawaida, nikasema ngoja msimu wa mpira uishe ndio niandike, sasa umeisha, na umeisha vibaya, kwahiyo humu ndani mtakutana na pombe na malalamiko ya mpira yamechanganyika, mnisamehe siwezi kuvitenganisha.

Naishi Louisville, Kentucky, mwaka wa saba huu. Kazi yangu ni ya usiku, ghala la vifurushi karibu na uwanja wa ndege, na mtu wa kazi kama hii starehe zake ni mbili tu, mpira wa Jumapili na glasi moja ya kutuliza mgongo. Mpira ninaosema sio wetu wa Simba na Yanga, huo naangalia asubuhi kwa simu nikitoka shifti, nasema huu wao wa kubeba mkononi na kuvaa helmeti. Kentucky hatuna timu ya NFL, ligi yao kuu, ila Cincinnati iko kama maili 100 kwa barabara ya I-71, unavuka mto Ohio na uwanja huo hapo, basi nikawa mtu wa Bengals, timu ya hapo Cincinnati. Nilianza msimu ule wa 2021 walipofika Super Bowl, yaani fainali, wakafungwa na Rams 23 kwa 20, nikadhani kila mwaka itakuwa hivo. Aisee.

Sasa nyumbani kwangu kuna sheria. Rafu ya juu ya friji ina nafasi tano za chupa, waifu alishasema ya sita ikiingia moja inatoka, na hela ya chupa kwa msimu mzima ni dola 300, ikiisha imeisha. Ni ukomo wa mishahara kabisa kama wa NFL, maana wale kuna kiwango cha kulipa wachezaji ambacho timu haipiti na mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 279.2, ukitaka kumlipa fulani sana basi fulani mwingine utamkosa. Bosi wa timu anaumiza kichwa ofisini, mimi naumiza kichwa mbele ya friji.

Kwa asiyejua, bourbon ni wiski ya Marekani ambayo nafaka yake angalau asilimia 51 lazima iwe mahindi, alafu inawekwa kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa moto kwa ndani, ndio inapotoa ile rangi na ule utamu, hairuhusiwi kuongeza rangi wala ladha nyingine. Pipa likishatumika halirudiwi kwa bourbon, mengi yanauzwa Scotland huko. Ukienda Bardstown, mji wa hapa Kentucky, utaona maghala marefu meusi na miti ya jirani nayo mieusi kama imepigwa masizi, mara ya kwanza nikadhani kumeungua, kumbe ni ukungu unaokula mvuke wa pombe inayotoka kwenye mapipa. Huo mvuke unaopotea wanauita fungu la malaika. Hata ukutani kwa nyumba za watu upo, na watu wa hapo hawaupendi kabisa, kila mwaka wanaosha.

Haya twende kwenye chupa. Naanza na kosa langu maana ndio linaniuma.

Agosti, kabla hata msimu haujaanza, nikanunua Blanton's kwa dola 160. Bei yake halali ni chini ya nusu ya hiyo, ila duka nililoenda (silitaji) jamaa aliiweka nyuma ya kaunta ndani ya kabati la kioo na kufuli, na akaniambia ndio ya mwisho na kuna mtu kapiga simu anakuja kuichukua. Nilipita wiki mbili baadae, kabati lile lile, chupa nyingine ipo, na nikamsikia anamwambia mzungu mmoja hivo hivo kuhusu mtu aliyepiga simu. Nimeshapigwa mjini mara nyingi, Kariakoo nimepigwa, ila ile ya kabati ilinikaa.

Pombe yenyewe? Nzuri. Siwezi kusema uongo, ni laini, ina ganda la chungwa, ina asali kwa mbali, kilevi asilimia 46.5, na chupa inapendeza mezani, duara kama guruneti na juu kuna farasi mdogo wa chuma na mpanda farasi wake. Vifuniko viko vya aina nane, kila kimoja na herufi yake na farasi kila mmoja yuko hatua tofauti ya mbio, ukikusanya vyote vinaandika jina. Mimi nilipata T. Dogo wangu wa miaka sita akaondoka na farasi siku ile ile, nikabaki nafunika chupa ya dola 160 kwa kifuniko cha plastiki cha chupa nyingine. Naipa 7 kati ya 10, na ingekuwa 9 kama ningeilipa bei yake. Shida ilikuwa hii, nilibaki na dola 140 za chupa nne kwa msimu mzima.

Na hapo ndipo nikawaelewa Bengals, japo kuelewa sio kusamehe. Burrow, kwotabeki wetu (yule anayerusha mpira), walishampa 2023 mkataba wa miaka mitano, dola milioni 275. Machi 2025 wakawapa marisiva wetu, yaani wadakaji, Chase milioni 161 kwa miaka minne na Higgins milioni 115 kwa minne, ukichukua wastani ni kama milioni 124 kwa mwaka kwa watu watatu, na kikosi kina watu 53. Chase mimi namlipa hata kesho asubuhi, mtu aliyeongoza ligi nzima 2024 kwa kudaka, kwa yadi na kwa magoli, mipira 127, yadi 1,708, mara 17 kavuka mstari. Kwa Higgins ndio nagombana na mashkaji, mchezaji mzuri kinoma ila ukishamlipa wa kwanza na wa pili, huyo wa tatu nae unamlipa, difensi (watu wa kuzuia) unaipa nini? 2024 Burrow alirusha yadi 4,918 na tukakosa mtoano, kushinda 9 kufungwa 8! Mtu mzima anaona kabisa shida iko wapi.

Hendrickson, yule wa kumwangusha kwotabeki wa wapinzani, misimu miwili mfululizo kaangusha mara 17 na zaidi kila msimu, alikuwa ndio roho ya difensi, wakazungushana nae kuhusu hela kiangazi chote mpaka mwisho wa Agosti wakamwongezea ya mwaka mmoja tu. Yule kijana waliyemchukua kwenye drafti (timu zinapochagua wachezaji chipukizi kwa zamu) nafasi ya 17, Shemar Stewart, nae alikaa pembeni mpaka mwisho wa Julai kwa sababu ya maneno ya mkataba. Maneno, sio hela. Unabishana na mtoto koma na nukta wakati mabeki wako hawajui kukaba.

Turudi kwenye rafu. Chupa ya pili, Evan Williams ile ya lebo nyeupe, dola 18. Hii inaitwa "bottled in bond", maana yake kuna sheria ya mwaka 1897, zamani watu walikuwa wanachukua spiriti wanatia rangi wanauza kama wiski, serikali ikasema ukitaka muhuri huu pombe yako itoke kiwanda kimoja, msimu mmoja, ikae ghalani chini ya usimamizi angalau miaka minne na iwe asilimia 50. Mpaka leo ipo. Harufu yake kwangu ni kashata ya karanga, kuna moto kidogo kooni, ukiweka barafu moja inatulia. Hii ndio inafanya kazi zote chafu, wageni wakija ni hii, baridi ya Januari na maji moto na limau ni hii, waifu akipika nyama anaiba hii. 8.5 na sibishani na mtu.

Maker's Mark, dola 30, ile ya nta nyekundu shingoni wanayochovya kwa mkono. Wenyewe wanatumia ngano badala ya rye, ile nafaka yenye ukali, kwahiyo haina ukali, tamu kama mkate wa asubuhi. Wengi wanaanzia hii na nawashauri muanzie hii, ila mimi tayari niko mbele, ikawa inakaa tu. Novemba nikaitema, nikampa jirani yangu Mkongo aliyenisaidia kusukuma gari, na ilikuwa wiki ile ile Bengals walimpeleka Logan Wilson timu ya Dallas wakapewa nafasi ya drafti ya raundi ya saba, ya mwisho kabisa. Lainibeka, mtu wa katikati ya difensi, misimu yote hiyo, raundi ya saba! Mimi angalau Maker's yangu ilinisukumia gari.

Sasa Wild Turkey 101. Hapa nitakaa kidogo.

Tarehe 14 Septemba Burrow akaumia kidole gumba cha mguu, tukamtumia kwotabeki wa akiba, Minnesota wakatupiga 48 kwa 10, Denver 28 kwa 3, nikawa nazima tv nafua nguo. Oktoba wakafanya kitu hakuna aliyekitegemea, wakaenda kwa majirani zetu Browns, wa kundi letu kabisa, wakamchukua kwotabeki Joe Flacco, miaka 40, wakatoa nafasi ya drafti ya raundi ya tano wakapewa mzee na nafasi ya raundi ya sita. Kila mtu akacheka. Shemeji yangu yuko Columbus na ni mtu wa Steelers, akanipigia, "Shem, hicho kizee ndio mnategemea?" Sikuwa na jibu. Nami siku hiyo nilikuwa dukani na dola zangu chache nikachukua 101 kwa 26, kwa hasira tu, maana mzee mmoja kazini mzaliwa wa Bardstown alishaniambia nikome kununua chupa za kabatini.

Alhamisi tarehe 16 Oktoba nilikuwa off. Steelers wamekuja Cincinnati. Nikaimimina kwenye glasi ya chai, zile ndogo za kwetu, vidole viwili bila barafu. Asilimia 50.5. Ya kwanza inakupiga, macho yanapata maji, sio kama gongo lakini unajua umekunywa kitu, alafu baada ya kama dakika moja inarudi na karameli iliyoungua, pilipili manga, na mwishoni kama sukari guru. Hapo kwenye kiwanda chao Lawrenceburg kuna mzee Jimmy Russell alianza kazi 1954, na pombe yao ina tabia hiyo, haijibembelezi. Na kwenye tv mzee Flacco nae hivyo hivyo, hakimbii, hawezi kukimbia, anasimama anarusha, Chase anadaka, tena, tena, mara 16 usiku ule, rekodi ya timu. Zimebaki sekunde saba mpiga mateke wetu McPherson akapiga, tukashinda 33 kwa 31. Nilipiga kelele mpaka dogo akaamka. Nikampigia shemeji, simu imezimwa. Ilizimwa mpaka Jumamosi.

101 naipa 9.5. Kwa bei hii sijui kwanini mtu anunue kitu kingine.

Ila msidhani Flacco alituokoa. Jets walikuja hawajashinda hata mechi moja, 0-7, wakatufunga 39 kwa 38. Jumapili iliyofuata nilienda uwanjani kabisa na wenzangu, tiketi nilinunuliwa, sikuonja hata tone kwasababu mimi ndio dereva wa kurudi. Dhidi ya Bears. Mzee karusha yadi 470, tumetoka nyuma tumeongoza, haijabaki hata dakika, watu wanakumbatiana na wasiowajua, mama mmoja mbele yangu analia. Bears wakamrushia kijana wao Loveland, mabeki wetu wawili wakamkosa, akaondoka peke yake mpaka mwisho, sekunde 17 zimebaki. 47 kwa 42. Yaani unapata pointi 38 unafungwa, wiki inayofuata 42 unafungwa. Kimya kilichoingia pale sijawahi kukisikia kwenye watu wengi vile, nikasikia mpaka vikombe vya bia vikizolewa chini. I-71 yote mpaka Louisville hatukuongea kwenye gari.

Chupa ya mwisho ilikuwa ya usiku huo, Old Forester 1920, dola 60, asilimia 57.5. Hawa ni wa hapa hapa Louisville toka 1870, na ule mwaka 1920 ni wa kuanza kwa marufuku ya pombe, wao walikuwa miongoni mwa wachache walioruhusiwa kuendelea kuuza kama dawa, ya cheti cha daktari. Nilinunua toka Septemba sikuifungua. Ile ndizi mbivu iliyoanza kuwa nyeusi ganda, na chokoleti, na nzito, inakaa mdomoni muda mrefu. Weka matone ya maji, usiwe mjuaji, bila maji inachoma. Sio ya kila siku. Kwa siku kama ile ya Bears ilikuwa dawa kweli, na bila cheti. 9.

Hesabu: 160, 18, 30, 26 na 60, jumla 294. Bengals tena hawakwenda mtoano, mwaka wa tatu mfululizo, na ninachotaka safari hii ni mabeki wa kati wawili na lainibeka mmoja anayejua kukaba, risiva tunao. Kwangu Evan Williams na 101 nimewaongezea mkataba, 1920 itanunuliwa ikiisha, Blanton's imebaki robo na haitarudi.

Shida ni dogo. Juzi alipanga T yake dirishani akaniuliza baba wale farasi wengine saba tunaenda kuwachukua lini. Nikamwambia tuna dola sita.