Kliniki ya akili na vinasaba vya watoto Malindi: ushauri mzuri, damu yasafirishwa ovyo

Jina la hospitali tumeliweka kando, maana humu mna sifa na mna lawama. Ni hospitali ya watoto inayoendeshwa kwa fedha za wafadhili, na uzuri wake mkubwa ni kwamba kliniki ya afya ya akili na ile ya vinasaba ziko mlango kwa mlango, siku moja. Kwa mzazi aliyevuka na boti kutoka visiwa vya Lamu hadi Mokowe alfajiri, kisha akapanda basi la kupitia Garsen, hilo si dogo. Mtoto wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, akianza kujitenga na kukosa usingizi, haambiwi arudi wiki nyingine.

Chumba cha ushauri wa vinasaba ndicho kinachobeba kliniki nzima. Mshauri huweka bakuli mbili mezani, kila moja ina kunde mbili, nyeupe (kinasaba kizima) na nyekundu (kinasaba cha selimundu): bakuli la baba na bakuli la mama, wote wakiwa AS, yaani wamebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua. Mzazi hufumba macho, akachota moja huku na moja kule. Zikitoka nyekundu mbili, huyo ni mtoto wa SS, yaani mgonjwa wa selimundu. Kisha kunde hurudishwa bakulini kabla ya kuchota tena, na hapo ndipo penye somo: ile robo huanza upya kila mimba. Aliyekwisha kupata mtoto mmoja mgonjwa hajahakikishiwa watatu wazima. Ajabu ni kwamba pale mapokezi, hatua chache tu kutoka kwenye bakuli hizo, wazazi huambiwa kinyume chake.

Mlango wa chumba hicho haufungi sawasawa. Majibu ya damu ya baba yasipolingana na ya mtoto, siri ya nyumba iko hatarini, na benchi la nje limejaa majirani. Ombeni kuongea faraghani, hata mama mkwe angoje nje. Mna haki hiyo.

Kuhusu vipimo, wanauliza swali ambalo wengi hulisahau: mtoto ameongezwa damu? Akiwa ameongezewa ndani ya miezi mitatu hivi, wa SS anaweza kusomeka kama AS, kwa kuwa mashine inaona na damu ya mchangiaji. Usipoulizwa, sema mwenyewe.

Damu ya selimundu huingia kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, nayo haina makuu. Ikikaa friji siku mbili haiharibiki. Kisirani ni kipimo cha kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli. Hicho hutumia chupa ya kijani yenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwani maabara inahitaji seli nyeupe zilizo hai, izioteshe kwa takriban siku tatu zigawanyike, ndipo kromosomu zionekane. Damu ikigandishwa kwa barafu, seli zimekufa. Na kinachofanyika hapa ni chupa ya kijani kulazwa juu ya pakiti ya barafu moja kwa moja, eti kwa sababu Malindi kuna joto! Ikifika Nairobi haioti kitu, na mtoto achomwe upya. Pakiti izungushiwe kitambaa kizito, chupa isiiguse. Iliyotolewa Ijumaa nayo hulala hadi Jumatatu. Nendeni mwanzo wa wiki.

Wazazi huuliza kwa nini kipimo hicho kifanywe ilhali dalili za Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili, zinaonekana usoni. Jibu la kliniki ni fupi mno, kwa hiyo tulikamilishe. Watoto wengi wa Down wana kromosomu ya 21 ya ziada inayojitegemea. Wachache, ile ya ziada imeshikana na kromosomu nyingine, na huenda mzazi mmoja anaibeba bila dalili. Hapo hesabu ya mimba ijayo hubadilika. Tena, kromosomu zikionekana sawa, Fragile X, hali nyingine ya kurithi inayochelewesha akili, haijaondolewa. Hiyo ina kipimo chake cha DNA, kwa chupa ya zambarau.

Upande wa akili, fomu ya usonji yenye maswali 20, ya watoto wa miezi 16 hadi 30, hujazwa mbiombio. Ni ya kuchuja tu, haitoi hukumu. Swali la kuonyesha kwa kidole linataka mfano: mtoto anaonyesha maji kwa kuwa ana kiu, au anaonyesha ndege angani ili nawe umwone? Hayo ni mambo mawili. Kipimo cha masikio hakipo, hupewa rufaa ya Mombasa. Msikubali neno usonji kabla ya hapo, kwani asiyesikia naye hageuki akiitwa.

Kwenye kifafa, muuguzi hamcheki bibi anayesema ni nyuni, yaani pepo wa ndege anayeaminika kuwatia watoto degedege. Humuuliza mtoto alifukizwa au alinyweshwa nini, kisha akaeleza dawa. Lakini dawa hutolewa za wiki mbili tu. Bahari ikichafuka boti zisitoke, fenobabito hukatika ghafla, na hiyo inaweza kuleta kifafa kisichokoma. Dai za mwezi mzima. Binti aliyevunja ungo akiandikiwa valproeti, uliza dawa mbadala papo hapo, maana hiyo hudhuru mimba, na hapa hawalitaji mpaka waulizwe.

Nyota tatu na nusu. Majibu ya kromosomu huchukua wiki kadhaa. Pigeni simu kwanza kabla ya kukata tiketi ya basi.