Kukabidhiwa nyumba ya mnada: huduma ya madalali wa Dar es Salaam inafaa kiasi gani?

Kampuni za udalali zinauza huduma mbili kwa pamoja: kunadi nyumba ambayo mkopo wake wa benki umeshindikana, kisha kumtoa aliyemo na kukukabidhi funguo wewe mnunuzi. Kazi ya kunadi wanaiweza. Kwenye kutoa watu ndiko wanunuzi wanakoumia, kwa sababu leseni ya mnada haimpi mtu mamlaka ya kumhamisha mkaaji kwa nguvu. Kazi hiyo ni ya dalali wa mahakama, aliyeteuliwa kwa kanuni za mwaka 2017, tena akiwa na amri ya mahakama au baraza mkononi. Wapo wenye sifa zote mbili. Wakuonyeshe karatasi kabla hujalipa.

Dalali mzuri utamjua kwa anavyolipekua jalada la benki. Ataulizia notisi ya siku 60 ya kumtaka mkopaji alipe, ya kifungu cha 127 cha Sheria ya Ardhi, na uthibitisho kwamba mkopaji aliipokea, maana siku huhesabiwa tangu kupokewa. Ataulizia ridhaa ya mwenzi kama ni nyumba ya ndoa. Atadai kuona tangazo la mnada la siku zisizopungua 14. Sheria ya madalali inataka litolewe kwa maandishi na pia kwa ngoma au njia nyingine anayoielewa asiyejua kusoma, kwa hiyo lile gari la matangazo linalopita mtaani lina kazi yake. Ataangalia na bei: ikiwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, benki itabebeshwa mzigo wa kueleza kwa nini iliuza rahisi hivyo. Pengo lolote hapo ni hoja ya mkopaji kuombea zuio, yaani amri ya kusimamisha mauzo au makabidhiano. Mnunuzi wa nia njema, yaani asiyejua kasoro hizo, analindwa na kifungu cha 135, lakini kesi ikifunguliwa bado atangoja nje ya geti.

Mkaaji akigoma, usikubali mabaunsa. Fungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kama thamani haizidi shilingi milioni 300. Ikizidi, Mahakama Kuu. Ukishinda, peleka maombi ya kukaza hukumu, yaani kuitekeleza, ndipo dalali wa mahakama apewe amri, naye kwa kawaida hutoa notisi ya siku 14. Isome amri neno kwa neno: namba ya kiwanja, kitalu na eneo vifanane na hati. Itaje pia wote wanaokaa humo kupitia kwa mkopaji. Ikimtaja yeye peke yake, mpangaji wa chumba cha uani atasimama mlangoni na mkataba wake, na kazi italala.

Siku yenyewe, polisi wawe wameshaandikiwa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa awepo. Vyombo viorodheshwe chumba kwa chumba, vipigwe picha, mwenyekiti asaini. Dalali anayerusha magodoro barabarani bila orodha anakutengenezea madai ya fidia, na anawadhalilisha watu ambao tayari wamepoteza nyumba. Huyo hastahili kazi. Vitasa vibadilishwe papo hapo, deni la maji liandikwe kwenye hati ya makabidhiano.

Malipo yagawanywe: sehemu wakati wa kushughulikia amri, sehemu kubwa baada ya hati ya makabidhiano kusainiwa na nyumba kuwa tupu. Anayetaka zote mwanzoni, tafuta mwingine.