Santuri ya taarabu iliyorekodiwa kwa kompyuta: uzoefu wangu, Lamu

Santuri hii ninayo mwezi wa tatu sasa, hapa Langoni. Ni taarabu ya udi na ganuni, iliyorekodiwa studio kwa kompyuta kisha ikachapwa kwenye sahani mbili. Kutoka Mokowe niliivusha kwa boti nikiwa nimeifunika kanga, maana jua la saa sita huipinda santuri. Mafaili ya nyimbo hizo hizo nilishayanunua, kwa hiyo nimesikiliza huku na huku kwa spika zile zile.

Sahani yenyewe haiongezi kitu ambacho hakikurekodiwa. Kuna wanaoamini kuwa dijitali hutoa sauti yenye ngazi ngazi. Si kweli: CD hubeba vipimo vya sauti 44,100 kwa kila sekunde, na inapopigwa wimbi hutoka laini kabisa. Tena kwa ukimya, faili linashinda mbali. Kwenye santuri, udi unaponyamaza husikia sindano ikikwaruza, na chumvi na vumbi la hapa kwetu haviisaidii.

Hata hivyo upande wa kwanza ulinitoa machozi. Ganuni inapomjibu mpiga udi, unamsikia amesogea nyuma kidogo, akangoja, akaingia. Kwenye faili kungoja huko hakupo, kila chombo kimepandishwa sauti mpaka juu, dumbaki na udi nguvu moja. Jalada lenyewe linaeleza sababu: masta ya santuri, yaani rekodi ya mwisho ambayo nakala hutolewa humo, ilitayarishwa kando, bila kubana tofauti ya sauti kubwa na ndogo. Basi kilichonifurahisha ni masta ile, wala si plastiki, na ingeweza kabisa kuuzwa kama faili.

Kasoro iko nyimbo za mwisho za kila upande. Mzunguko ni ule ule, 33⅓ kwa dakika, lakini karibu na kati mfereji unaopitiwa na sindano kwa kila mzunguko ni mfupi, sauti nyembamba zinasongamana na kila "s" ya mwimbaji inachoma sikio. Wangeweka hapo wimbo wa polepole.

Mashine ya kupigia santuri isiwekwe juu ya meza ghorofani. Sakafu ya boriti hutikisika mtu akipita, sindano ikaruka. Yangu nimeihamishia kwenye kidaka cha ukuta wa matumbawe, na tangu hapo imetulia.

Kama jalada halisemi masta imetayarishwa upya, nunua faili. Mimi nimewaandikia wanamuziki wenyewe kuwaomba masta ile ya santuri kama faili, na nitailipia mara ya tatu kwa moyo mkunjufu.