SSD Ikianza Kufa: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Diski za kuzunguka nyingi zililalamika kwa sauti kabla ya kuaga. SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, hufa kimya. Leo kompyuta inaganda kidogo unapohifadhi faili, kesho diski inakataa kuandikwa, inasomeka tu, keshokutwa haionekani hata kwenye BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta. Ukiona dalili ya kwanza, hamisha faili zako kabla ya uchunguzi wowote. Nasisitiza kwa sababu kufufua data ndani ya SSD iliyokwisha kufa ni kazi ngumu na ya gharama.

Sasa ipime kwa programu ya kukagua afya ya diski: CrystalDiskInfo kwenye Windows, smartctl kwenye Linux. Akiba ya seli (vyumba vidogo vinavyotunza data) ikishuka chini ya kiwango cha mtengenezaji, au makosa ya data yakizidi kuongezeka, nunua nyingine. Lakini kinachopanda kikiwa ni makosa ya CRC (data kuharibika njiani kati ya diski na kompyuta) kwenye diski ya SATA, yaani ya muunganisho wa zamani, badilisha kebo kwanza. Inauma kutupa diski nzima kwa kosa la waya.

Kabla ya kulipa, angalia tundu la mashine yako. M.2 ni jina la umbo, halikuambii kasi: ipo ya SATA na ipo ya NVMe, muunganisho mpya wenye kasi zaidi, na tundu la moja huenda lisiitambue nyingine. Soma na kipimo. 2280 ni upana wa milimita 22 na urefu wa 80, na baadhi ya laptopu ndogo hupokea 2230 tu.

1. NVMe ya PCIe 4.0 (toleo la njia inayopitisha data), seli za TLC (biti 3 kwa kila seli). Ndiyo ninayoipendekeza kwa mashine yoyote yenye tundu la NVMe. Zilizo bora husoma takriban megabaiti 7,000 kwa sekunde, na kwenye tundu la PCIe 3.0 hufanya kazi vilevile, kwa kasi ya tundu hilo. Usihangaikie kasi, tazama dhamana ya miaka 5 na TBW, yaani kiasi cha data kinachodhaminiwa kuandikwa. Kwa diski ya terabaiti 1, TBW ya terabaiti 600 ni kiwango kizuri.

2. SATA ya inchi 2.5, TLC pia. Inaishia megabaiti 550 hivi kwa sekunde. Kwa kompyuta ya zamani inatosha kabisa.

3. NVMe ya QLC. Kila seli hubeba biti 4 badala ya 3, hivyo ni nafuu lakini huchakaa mapema, na kache (sehemu ya haraka inayopokea data kwanza) ikijaa uandishi hupooza. Iweke filamu na michezo. Mfumo endeshi uupe TLC.

4. PCIe 5.0. Hupita megabaiti 10,000, na joto lake ni kali. Huihitaji, labda uwe unahamisha video kubwa kila siku.

Usiguse: terabaiti nyingi kwa bei ya ajabu. Baadhi zimechezewa zionyeshe ujazo usiokuwemo. Kama umeshanunua, ijaribu kwa H2testw, programu ya kupima ujazo halisi, kabla ya kuiwekea chochote.

Wakati wa kubadilisha, diski ya zamani ikiwa na makosa ya data, usiinakili nzima nzima. Sakinisha mfumo upya, kisha rudisha faili. Ufunguo wa BitLocker, kufuli la data la Windows, uuandike mahali pengine mapema. Ile ya zamani ibaki nayo mpaka ufungue faili zako kwenye mpya na kuziona zote, ila usiifanye ghala: seli zilizochakaa hupoteza chaji zikikaa muda mrefu bila umeme.